Nani Avuke Bariyeri: Harusi au Wageni?

Tangu mwisho wa Januari 2025, kamati ya harusi ya Goma haianzi na ukumbi. Inaanza na njia. Waasi wa M23 waliingia mjini tarehe 27 ya mwezi ule. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango, na mgeni wa Brussels, Montréal au Kinshasa, ambaye zamani angeshukia hapo hapo mjini, sasa anashukia Kigali, anapanda gari kwa saa tatu au nne hadi Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, kisha anavuka bariyeri ya mpaka kwa miguu akiburuta sanduku. Ndiyo maana wapo wanaouliza: kama mgeni amekwisha kufika Gisenyi, kwa nini avutwe tena hadi Goma? Si afadhali harusi yenyewe ivuke?

Swali hilo linagawanya koo. Mjadala ufuatao umepangwa kwa sauti za kamati moja, ya aina ambayo mkazi wa Himbi, Katindo au Majengo ataitambua mara moja: mama mdogo mwenye haraka, baba mkubwa mwenye daftari, shemeji wa Ulaya anayesikika kwa simu, na koko, mzee wa familia, ambaye hakuna aliyemwuliza. Wasemaji ni wa kubuni. Mipaka, tarehe na masharti wanayoyataja ni ya kweli.

Mama Mdogo wa bibi harusi ndiye anayefungua.

"Gisenyi si ng'ambo," anasema. "Nyumba za huku na za kule zinagusana. Mlima wa moto ulipotapika usiku wa Mei 22, 2021, tulikimbilia wapi? Tulivuka na watoto mgongoni, na kulipokucha wengine wakarudi kuangalia kama nyumba bado zipo. Tulivuka kwa hofu bila kuulizana. Leo tuvuke kwa furaha, mnaniambia ni nchi ya kigeni?"

Hoja yake ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. Serikali za Ubelgiji, Uingereza na Kanada zinawashauri raia wao wasiende Kivu Kaskazini, na bima nyingi za safari hazilipi kitu pale mtu anapokwenda mahali ambapo serikali yake imemshauri asiende. Binamu aliyezaliwa Liège akivunjika mguu akicheza kwenye ukumbi wa Goma, hospitali ataigharimia mwenyewe. Kwa Mama Mdogo hilo latosha: sherehe ifanywe kando ya ziwa, upande wa Gisenyi, kwenye hoteli zilizozoea wageni, na wenye pasipoti za Ulaya wasiguse bariyeri kabisa.

Baba Mkubwa, mwenyekiti wa kamati, hapandishi sauti. Anafungua daftari.

"Kwanza, Gisenyi nayo isisifiwe kupita kiasi. Siku ile ile ya Januari 27 makombora yaliangukia upande ule pia, na raia wakafa. Atakayeambiwa kwamba bima yake inafanya kazi Gisenyi aangalie vizuri ramani ya serikali yake, maana kuna vipindi ambapo ushauri wa kutosafiri umegusa hata vitongoji vya mpakani. Pili, nyinyi mnahesabu wageni ishirini wa Ulaya. Mimi ninahesabu mia mbili wa hapa. Hao wana karatasi gani?"

Chumba kinatulia, kwa sababu hapo ndipo harusi nyingi za kuvuka mpaka zinapokwama, na karibu kila mara tatizo hilo linagunduliwa juma la mwisho.

Karatasi za kuvukia ni za ngazi tatu, na kila ngazi ina safari yake. Juu kabisa ni pasipoti. Inakubalika kila mahali lakini wachache wanayo, kwa sababu bei yake ilikuwa ya kutisha: kwa miaka kadhaa hadi 2020 Mkongomani aliilipia dola 185, na hata iliposhushwa hadi dola 99 ilibaki mzigo mzito kwa mwalimu. Tena tangu Januari 2025 huduma za serikali ya Kinshasa zimekatika Goma, kwa hiyo ambaye pasipoti yake imeisha muda hawezi kusema atakwenda ofisini Jumatatu. Katikati kuna hati za CEPGL, ile jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu iliyoundwa na Zaire, Rwanda na Burundi tarehe 20 Septemba 1976, na iliyoundwa wapi? Gisenyi hapo hapo. Lesepase ya CEPGL inampeleka mwenyeji wa Goma Rwanda bila pasipoti. Chini kabisa ni jetoni, kile kikaratasi cha siku moja ambacho mkazi wa mpakani anapewa akionyesha kitambulisho, ndicho wanachovukia wauza nyanya na wabeba mizigo wa Petite Barrière.

"Jetoni inakufikisha Gisenyi," anasema Baba Mkubwa. "Haikufikishi Kigali. Na inakudai urudi siku hiyo hiyo. Sasa niambieni, nani kati yenu amewahi kuona harusi ya Goma inayokwisha kabla ya giza?"

Mtu mmoja anataja Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo si ilijiunga mwaka 2022? Ni kweli: mkataba ulitiwa saini Nairobi mwezi Aprili, na mwezi Julai nchi ikawa mwanachama kamili. Lakini uanachama umepunguza viza, haukufuta hati za kusafiria. Afisa wa uhamiaji hamwulizi shangazi kama nchi yake ni mwanachama wa kitu gani. Anamwomba karatasi.

Lipo na tatizo ambalo wageni wa Ulaya hawalijui kabisa. Kitambulisho cha Wakongomani wengi ni kadi ya mpiga kura. Uandikishaji wa mwaka 2023 haukufanyika katika sehemu kubwa ya Rutshuru na Masisi kwa sababu ya vita, na watu wa huko hawakupiga kura Desemba ile. Wengi wao walikimbilia Goma. Katika orodha ya waalikwa wamo wazee wenye kadi ya zamani iliyofutika picha, na wengine wana hati tu ya kuonyesha kwamba walipoteza kitambulisho. Wanaweza kuzaa bibi harusi, kumlea, kumchagulia jina, na bado wasiweze kumwona akikata keki umbali wa kutembea kwa mguu.

Koko yuko kundi hilo, na ndipo anaposikika kwa mara ya kwanza. "Munataka nibariki kwa simu?"

Hakuna anayemjibu. Katika mjadala huu wote hakuna hoja iliyoshinda hiyo, na mwandishi wa makala haya hafichi upande wake: mahali pa harusi papimwe kwa mgeni mwenye karatasi dhaifu kuliko wote ambaye harusi haiwezi kufanyika bila yeye. Si kwa mwenye pasipoti nyekundu. Huyo atafika popote.

Shemeji wa Brussels anaingia kwa simu, spika imewekwa mezani katikati ya chupa za soda. Yeye hataki Goma wala Gisenyi. Anataka Kigali.

"Jamani, ndege zinatua Kigali kila siku. Kuna RwandAir, Brussels Airlines, Ethiopian, Kenya Airways, Qatar. Mtu ana likizo ya siku tano. Mkimpitisha barabarani kwenda na kurudi mmemla siku mbili."

Hesabu yake si mbaya. Ila wenzake wa Ulaya wanapaswa kusikia na upande wa pili kabla ya kulipa tikiti. Februari 2025 Kinshasa ilifunga anga yake kwa ndege zilizosajiliwa Rwanda, na safari za RwandAir za kwenda Ulaya zikalazimika kuzunguka. Tarehe 17 Machi mwaka huo huo Rwanda ikavunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji. Mkongomani wa zamani mwenye uraia wa Ubelgiji asitegemee tena alichoambiwa na rafiki aliyesafiri 2023. Aulize uhamiaji wa Rwanda kwanza, kisha anunue. Na yeyote anayetoka mbali ajipange kutua Kigali siku mbili kabla ya sherehe. Anayetua Ijumaa usiku kwa harusi ya Jumamosi asubuhi huwa anakula chakula kilichopoa, kama anafika.

"Basi tuseme Kigali au Gisenyi, yote Rwanda," anakata Mama Mdogo. "Tatizo liko wapi? Kule kuna utaratibu."

"Utaratibu ndio huo huo utakaotushika," anajibu mkwe mtarajiwa wa Rubavu, dada wa bwana harusi, ambaye alikuja kusikiliza tu. Yeye ni Mnyarwanda, anavuka kila wiki, na hakuna mezani anayejua pande zote mbili kama yeye. Anaanza kutaja mambo, kwa upole, na kadiri anavyotaja ndivyo nyuso zinavyobadilika.

La kwanza ni tarehe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Rwanda ina umuganda, kazi za pamoja za jamii, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Maduka yanafungwa, magari yanasimama, polisi wanauliza unakwenda wapi. Kamati ya Goma iliyokuwa imeandika "ibada saa nne kamili" kwenye Jumamosi kama hiyo imewaalika wageni kukaa barabarani. Kalenda inapaswa kutazamwa kabla hata ya kumwita mpiga picha.

La pili ni usiku. Tangu Septemba 2023 sehemu za burudani Rwanda zinafunga saa saba usiku siku za kawaida, na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Makelele yanayovuka ukuta wa ukumbi yanaleta polisi mapema zaidi ya hapo. Harusi ya Goma, kwa desturi, saa nane usiku ndipo wazee wanapoondoka na vijana wanapoanza. Mwenye orkesta yake aambiwe mapema, vinginevyo atakatwa umeme katikati ya wimbo ambao watu wameusubiri jioni nzima.

La tatu ni mifuko. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vyombo vyote vya plastiki vya kutumika mara moja. Bariyerini mabegi yanafunguliwa. Zawadi iliyofungwa kwa nailoni inayong'aa, sahani za kutupa, vikombe vya kutupa, vazi la bibi harusi lililofunikwa na plastiki ya dobi: vyote vina kesi. Kongo nayo ilitoa dikrii dhidi ya mifuko hiyo mwishoni mwa 2017, lakini ukipita Birere utadhani dikrii hiyo iliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Mgeni wa Goma atumie kikapu, kitambaa au karatasi, na vazi alitie kwenye mfuko wa nguo wa kitambaa.

La nne linawachekesha wote. "Motari wa Gisenyi," anasema dada wa Rubavu, "anabeba abiria mmoja, na abiria huyo anavaa kofia ngumu. Hatabeba mama, mtoto na keki." Mama aliyesukwa nywele tangu asubuhi atafute gari.

Mshonaji, aliyekuja kupima watu, anadakia hapo. Sare za harusi ni vitenge vya aina moja, na kamati hupenda mtu mmoja avushe vyote kwa mkupuo. Afisa wa forodha akifungua furushi lenye nguo mpya hamsini za rangi moja haoni shangazi hamsini, anaona biashara. Kila mgeni abebe yake, au aivae. Ushauri huo haugharimu chochote na umeokoa jioni nyingi.

Kuhusu fedha kamati inakubaliana bila kugombana, jambo ambalo ni nadra. Tangu benki zilipofunga, Goma inaishi kwa noti na kwa simu: Airtel Money, M-Pesa, Orange Money. Ng'ambo ya bariyeri simu hizo hazilipi ukumbi. Rwanda ni faranga zao na MTN MoMo. Dola zinapokelewa Goma, lakini noti iliyochanika hata ukucha inarudishwa, kwa hiyo mgeni wa Kanada aombe benki yake noti mpya, kubwa na ndogo, na asikubali kubaki na noti mbovu akidhani ataitupia kwenye mchango. Mweka hazina wa kamati ataiona.

Mjadala unapanda joto tena pale dada mkubwa wa bibi harusi, aliyeko Kinshasa, anapopiga simu.

"Mnapanga kana kwamba Kinshasa haipo," anasema. "Mimi ni yaya wa bibi harusi. Nitapita wapi?"

Ana haki ya kuuliza. Zamani ilikuwa ndege moja hadi Goma, basi. RwandAir nayo ilikuwa inakwenda Kinshasa mpaka Mei 2022, serikali ya Kongo ilipoizuia. Leo anayetaka kufika Goma au Gisenyi kutoka mji mkuu wa nchi yake hupitia Addis Ababa au Nairobi, anatua Kigali, anapanda gari, na kila hatua analipa. Lakini bei si ndiyo inayomsumbua zaidi. "Nitarudi hapa na muhuri wa Kigali kwenye pasipoti, wakati huu, na kila atakayeiona ataniuliza nilikwenda kufanya nini. Nikisema harusi, atacheka." Kwa sababu hiyo pendekezo lake ni nchi ya tatu: Kampala. Uganda iliwaondolea Wakongomani viza kuanzia Januari 2024, kama Kenya ilivyofanya Septemba 2023, na kutoka Kinshasa ndege zipo hadi Entebbe.

Kampala ina watetezi wengine ambao hawamo chumbani. Ndugu wa Butembo na Beni hawawezi tena kushuka Goma kwa barabara ya Rutshuru kama zamani bila kuvuka mistari ya vita. Wengi wao hutokea Kasindi, wanazunguka ndani ya Uganda hadi Kabale, ndipo wateremke Rwanda na kuingia Goma kwa mlango wa nyuma. Kwao harusi ya Kampala ni nusu ya safari.

Anayezima moto huo ni dereva, mtu aliyeendesha njia hizo zote.

"Kampala ni nzuri kwa mwenye ndege," anasema. "Kwa basi, hapa kuna njia mbili. Ya Bunagana ni kilomita mia hivi hadi mpakani. M23 iliuchukua mji ule Juni 2022, mpaka ukafungwa, na Uganda ikaufungua tena Julai 2025. Ulifungwa mara moja, unaweza kufungwa tena, na hakuna atakayeiuliza kamati yenu. Ya pili ni kuvuka hapa, kupitia Musanze hadi Cyanika. Hiyo ni mipaka miwili kwa safari moja. Baada ya hapo bado mna zaidi ya kilomita mia nne hamsini kutoka Kisoro."

Anaongeza mambo mawili ambayo kadi za mwaliko hazisemi. Lesepase ya CEPGL inaishia Rwanda. Uganda haimo katika jumuiya ile, hivyo wenye karatasi hiyo tu watarudishwa Cyanika, usiku, na watoto. La pili ni saa. Goma na Rwanda ziko saa moja nyuma ya Kampala, na Kinshasa iko saa moja nyuma ya Goma. Harusi ya saa nane mchana Kampala ni saa saba Goma na saa sita Kinshasa, na kundi la WhatsApp lenye watu wa miji yote mitatu litagombana juu ya hilo mpaka siku yenyewe. Iandikwe "saa za Kampala", wazi, kwa herufi nene. Mwenye gari lake asisahau pia kwamba akitoka Rwanda anahama upande wa barabara: Kongo na Rwanda ni kulia, Uganda ni kushoto. Kona za Kisoro si mahali pa kujifunza.

Afya haikuchukua muda mrefu. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, si kwenye sanduku lililotangulia. Watu wa Goma hawahitaji kuhubiriwa kuhusu ukaguzi wa mpakani. Walinawa mikono na kupimwa joto pale tangu mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, na wanakumbuka asubuhi ya Agosti 1, 2019, bariyeri ilipofungwa kwa saa kadhaa bila taarifa baada ya wagonjwa kuonekana mjini. Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa mwingine ukaifunga kwa miezi. Yeyote anayeweka harusi ng'ambo anaweka dau juu ya mlango ambao funguo zake ziko kwa watu wengine.

Watoto wa maua ni jambo ambalo linasahaulika hata na kamati makini. Mtoto anayevuka na shangazi badala ya wazazi wake anahitaji barua ya ruhusa ya wazazi. Bila barua, afisa mwenye busara ana sababu nzuri ya kumzuia, na mkoa huu umeona watoto wengi mno wakivushwa vibaya hata mtu akalalamika juu ya ukali huo.

Mwanasheria, rafiki wa ukoo, amesubiri hadi mwisho. Anaposema, anavunja swali lenyewe.

"Mnagombania harusi moja, na harusi ni tatu. Kuna mahari. Kuna ndoa ya komini. Kuna sherehe. Nani aliwaambia zote tatu lazima zilale kitanda kimoja?"

Anafafanua. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inadai mahari na inatambua ndoa iliyofungwa kwa desturi mbele ya familia, mradi iandikishwe baadaye kwa mwandikishaji wa serikali. Kwa hiyo siku ya mahari si utangulizi. Mbele ya sheria inaweza kuwa ndoa yenyewe. Siku hiyo ifanywe Goma, nyumbani, mbele ya wazee, mbele ya Koko, bila karatasi ya mtu yeyote kuulizwa. Ndoa ya komini inahitaji kufikiriwa kwa sababu nyingine: Kinshasa haitambui uongozi uliowekwa na M23 mjini, na cheti kilichotiwa saini leo kwenye komini ya Goma au ya Karisimbi kinaweza kuwaletea maharusi maswali siku watakapoomba viza ya kuungana Ulaya. Kama mmoja wao anaishi nje, waandikishe huko au mahali ambapo cheti hakitatiliwa shaka. Kisha sherehe, ambayo ni chakula na ngoma, iende popote mfuko unaporuhusu.

Baba Mkubwa anaandika. Mama Mdogo ananyamaza kidogo, halafu anauliza swali lililo kiini cha mambo yote: "Kama sherehe ni Gisenyi, wenye jetoni watarudi saa ngapi?"

Swali hilo halina jibu la kudumu. Baada ya tukio la Juni 17, 2022, askari wa Kongo alipouawa mpakani, upande wa Goma ulianza kufunga saa tisa alasiri. Tangu hapo saa zimebadilishwa na kila mwenye mamlaka, zikasogezwa mbele, zikarudishwa. Anayekumbuka saa za harusi ya jirani ya mwaka jana hajui lolote. Hata mlango wenyewe una maana: wageni wenye magari na mabegi makubwa huelekezwa Grande Barrière, ile ya karibu na ziwa, wakati umati wa jetoni unapita Petite Barrière. Familia isiyotaja ni ipi itakuwa na shangazi mmoja anayelia huku na mjomba anayesubiri kule.

Uamuzi wa kamati, baada ya mabishano, ni huu, na mwandishi anauona ni wa haki kuliko mengine yote yaliyotajwa. Mahari Goma, siku ya Alhamisi, na wote wenye haki ya kuwapo wawepo. Sherehe Gisenyi, Jumamosi isiyo ya umuganda, kuanzia saa tano asubuhi, chakula kikiwa mezani saa saba mchana, ili wenye jetoni wale, wacheze, wavuke warudi. Wenye pasipoti na lesepase wabaki na orkesta mpaka saa nane usiku. Kampala imekataliwa kwa kura. Yaya wa Kinshasa atachangiwa tikiti ya Nairobi, na akiamua kutokuja hatanuniwa. Shemeji wa Brussels bado anaona ingekuwa Kigali.

Kwa msomaji ambaye kamati yake iko mezani sasa: kabla ya kuchapisha kadi, mtumeni mtu mmoja Petite Barrière, Jumamosi, akiwa na kadi ya mpiga kura tu mfukoni. Aulize pande zote mbili jetoni inatolewa mpaka saa ngapi, ya kurudi inapokelewa mpaka saa ngapi, na mtoto anadaiwa nini. Arudie kuuliza juma moja kabla ya harusi. Majibu hayo yaandikwe kwenye kadi, juu ya jina la ukumbi.